Kifaa Hukamilika Mkononi mwa Mkunga

Katika kila watoto kumi wanaozaliwa, mmoja hivi huhitaji kusaidiwa ili avute pumzi ya kwanza. Wengi wao wakikaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo kwa kitenge, hulia. Wanaobaki kimya ni wachache, na mkunga aliye peke yake zamu ya usiku hana daktari bingwa wa kumwita wala mashine ya kupumulia. Ana mfuko wa mpira wenye kinyago kidogo, ule ambao wauguzi wetu huuita ambu. Huufunika mdomo na pua za mtoto kwa kinyago hicho, akaanza kubinya.

Kubinya kunaonekana kazi nyepesi mpaka mtu apewe yeye. Kinyago kikiinuka upande mmoja kwa unene wa ukucha tu, hewa yote hupita pembeni na kifua cha mtoto hakinyanyuki. Kichwa kikiinamishwa mno, njia ya hewa hufunga. Mkono ukitetemeka, na mikono hutetemeka pale mama anapouliza mbona mwanangu halii, makosa yote mawili huja kwa pamoja. Kwa miaka zaidi ya kumi, wodi ya wazazi ya hospitali moja wilayani Mbulu imekuwa mahali ambapo mfuko huo, mdoli wa kuufanyia mazoezi na vipimo vya mapigo ya moyo vimejaribiwa, vikarekebishwa, vikajaribiwa tena. Hospitali hiyo ni Haydom.

Atokaye Mbulu mjini huifuata kwa kushuka kusini magharibi. Atokaye Katesh, chini ya Mlima Hanang, hupitia Basotu na mashamba yake ya ngano. Mji wa Arusha uko mbali kama kilomita 300. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, na leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ikiwa na vitanda zaidi ya 400. Wanaokuja kujifungua ni Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba, Wanyisanzu, pengine Wahadzabe kutoka bonde la Eyasi. Wataalamu wa lugha husema hapo ndipo familia kubwa nne za lugha za Afrika zinapokutana. Katika miaka ninayoizungumzia, watoto wapatao 4,500 walizaliwa hapo kila mwaka. Kwa mtu anayetaka kujua kama kifaa kinafaa, idadi hiyo ni hazina: ndani ya miezi michache atakuwa ameona uzazi wa kila namna, mchana na usiku, masika na kiangazi.

Mfuko wenyewe una historia inayostahili kusimuliwa, maana ulianzia mikononi mwa watu waliokuwa wakihangaika na vitu walivyokuwa navyo. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilivamiwa na polio. Waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wengi kuliko mashine. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akaanzisha utaratibu wa kuwapumulisha wagonjwa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari kwa mamia wakapangiwa zamu za kukaa kando ya vitanda wakibinya mifuko usiku na mchana. Lakini mifuko ile haikujaa bila gesi ya mtungi. Mtungi ukiisha, mfuko unalala. Daktari mwingine wa usingizi, Henning Ruben, akatafuta mfuko utakaojijaza wenyewe kwa hewa ya chumbani. Sampuli yake ya kwanza aliiunda kwa spoku za baiskeli zilizounganishwa ndani ya mpira, ili mpira ukishabinywa spoku ziukunjue tena. Baadaye, akishirikiana na mhandisi Holger Hesse, spoku ziliachwa na njia nyingine ikapatikana, na mwaka 1956 Ambu ikazaliwa.

Habari ya spoku naipenda kwa sababu fundi yeyote wa baiskeli pale Dongobesh au Katesh angeielewa bila kuchorewa. Anajua spoku hukunjuka, anajua mpira huchoka, anajua kwamba sampuli ya kwanza huundwa kwa chuma kilicho karibu. Ruben hakusubiri kiwanda kimpe kifaa kamili. Alitaka kwanza kujua kama wazo linasimama.

Upande wa pili wa historia hii unatoka Stavanger, Norway, kwa fundi wa midoli. Åsmund Laerdal alikuwa mchapaji na mtengenezaji wa midoli ya plastiki laini. Mwanawe Tore, akiwa na umri wa miaka miwili, alinusurika kuzama majini, baba akamtoa na kumsaidia hadi akapata pumzi. Madaktari walipomwendea Laerdal wakitaka mdoli wa kufundishia upumulishaji wa mdomo kwa mdomo, walimkuta mtu aliyekwisha kuelewa wanachosema. Mdoli Anne ulitoka mwaka 1960 na umefundisha mamilioni ya watu. Kampuni iliyotokana na karakana hiyo ya midoli ndiyo iliyokuja, nusu karne baadaye, kushirikiana na Haydom.

Kilichofanyika kwanza Haydom hakikuwa kuunda kitu. Ilikuwa kuangalia. Kuanzia mwaka 2009 hospitali iliweka watu waliofunzwa kazi moja: kukaa katika chumba cha kujifungulia kwa zamu tatu, saa 24, wakiwa na saa za kupimia sekunde, na kuandika. Mtoto ametoka saa ngapi. Alilia baada ya sekunde ngapi. Kama hakulia, nani alifanya nini, na lini. Wakunga walipaswa kukubali kutazamwa namna hiyo kila siku, na nadhani ujasiri wao haujasifiwa inavyostahili. Si kila mmoja wetu angekubali kazi yake ipimwe kwa sekunde na mtu aliyesimama ukutani na kalamu.

Majibu yalichapishwa mwaka 2012, yakihusu watoto 5,845. Daktari wa usingizi Hege Ersdal wa Stavanger na wenzake wa Haydom walionyesha kwamba kwa watoto waliohitaji kupumulishwa, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Tangu hapo, swali kwa kila kifaa kilichopelekwa mezani Haydom lilikuwa wazi. Je, kinapunguza sekunde? Je, hewa inafika mapafuni?

Wakati huohuo Tanzania ilikuwa imeingia katika mpango wa kuwafundisha wakunga kuwasaidia watoto kupumua, uliobuniwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani. Kiini chake kinaitwa Dakika ya Dhahabu: ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa, mtoto awe anapumua mwenyewe au awe ameanza kupumulishwa. Hospitali nane nchini, Haydom ikiwemo, zilijaribu mpango huo. Matokeo yaliyoandikwa na Dk. Georgina Msemo na wenzake mwaka 2013 yalikuwa makubwa: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na hata waliokuwa wakiandikwa kuwa wamezaliwa wafu walipungua kwa asilimia 24. Namba hiyo ya pili inauma ukiitafakari. Mtoto asiyepumua wala kujitikisa, aliyelegea, ni rahisi kuandikwa mfu ilhali moyo wake bado unapiga. Baadhi yao, kumbe, walikuwa wakisubiri mkono wa mtu.

Zana za mafunzo hayo ni somo zuri la ubunifu. Mdoli wa mtoto, NeoNatalie, huja ukiwa mtupu. Unaujaza maji, nao unapata uzito na ulegevu wa mtoto mchanga mkononi. Vipira vidogo vya kubinya humfanya mwalimu aupe mdoli kilio, pumzi au mapigo kwenye kitovu. Kifaa cha kufyonza ute kimeumbwa kama ndege pengwini, kipande kimoja cha silikoni kinachofunguka, kinaoshwa ndani na nje, kinachemshwa na kurudi kazini. Aliyewahi kufanya kazi katika zahanati ataona mara moja kwa nini jambo la kuchemsha ni kubwa. Kifaa kisichofunguka hubaki na uchafu ndani, na kifaa chenye vipande vingi hurudishwa vibaya baada ya kuoshwa. Usiku unaofuata mkunga anabinya, valvu imekaa kinyume, hewa haitoki.

Kisha ikaja habari ambayo ingeweza kuufunga mradi. Aprili 2010 wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye walipimwa. Mbele ya mdoli walifanya vizuri zaidi kuliko zamani, bila shaka yoyote. Lakini madaftari ya waangalizi yalionyesha kwamba mbele ya watoto halisi mwenendo haukubadilika. Mikono ilijua, lakini saa ya hatari ujuzi haukutoka.

Taarifa ya namna hiyo ingeweza kufichwa. Ungeweza kuchapisha matokeo ya mdoli, ukapiga picha ya cheti, ukaenda mkoa mwingine. Haydom na wenzao walichapisha yote mawili, tena wakaichukulia semina yenyewe kama sampuli iliyofeli, kitu cha kuvunjwa na kuundwa upya. Mwanzoni mwa 2011 walibadilisha umbo lake. Mdoli ukawekwa palepale wodini. Kila wiki mkunga alifanya zoezi la dakika tatu hadi tano, katikati ya kazi, bila kusafiri, bila posho ya semina. Mara moja kwa mwezi kukawa na kipindi cha dakika 40. Estomih Mduma wa Haydom na wenzake walipolinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada, vifo vya ndani ya saa 24 vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mdoli ni uleule, ambu ni ileile, wakunga ni walewale.

Naamini hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililotoka Haydom, na ni gumu kulipigia picha. Tumezoea kufikiri kwamba kifaa ni kile unachoweza kukishika. Kumbe namna ya kukifundisha, mahali kinapowekwa na mara ngapi mkono unakigusa ni sehemu ya kifaa pia, na sehemu hizo zinahitaji kujaribiwa kwa ukali uleule.

Mwaka 2013 ushirikiano huo ulipanuka na kuitwa Safer Births, ukiziunganisha Haydom, Muhimbili, Stavanger na wahandisi wa Laerdal. Sasa mfuko wenyewe ukageuziwa macho. Ambu ya kawaida hulala kando ya kinyago. Mkunga anapobinya, nguvu ya mkono huvuta upande, na upande wa pili wa kinyago huinuka. Wahandisi wakausimamisha mfuko wima, juu kabisa ya kinyago, hivi kwamba kila unapobinya unakikandamiza kinyago usoni badala ya kukiinua. Wakaupanua ili ubebe hewa zaidi. Wakapunguza vipande vyake ili uoshwe na kurudishwa bila kukosea. Kwa macho, ni badiliko dogo mno. Mtu angeuliza kwa nini halikufikiriwa miaka hamsini iliyopita.

Ulijaribiwa kwanza kwa midoli, na hewa iliyoingia ilikuwa nyingi zaidi kuliko ya mfuko wa zamani. Kisha ukapelekwa kwa watoto wa Haydom, baadhi wakisaidiwa kwa mfuko huu na wengine kwa ule wa kawaida, ili pasiwe na upendeleo. Hapo napo hewa iliyofika mapafuni ilikuwa nyingi zaidi, kwa shinikizo kubwa zaidi. Hilo la shinikizo linataka uangalifu, kwa kuwa pafu la mtoto mchanga linaweza kuumizwa na hewa nyingi kama linavyoumizwa na hewa haba. Kifaa kinachotatua tatizo moja huweza kuleta lingine, na ndiyo sababu jaribio halikuishia kwenye furaha ya mdoli kuvimba kifua.

Lakini walijuaje kiasi cha hewa kinachoingia ndani ya mtoto wa dakika moja? Hicho nacho kilihitaji kuundwa. Juu ya meza ya kuwahudumia watoto walifunga kichunguzi ukutani. Kati ya mfuko na kinyago kukawekwa vipimo vya shinikizo, vya mtiririko wa hewa na vya kaboni dayoksaidi, na kifuani pa mtoto kukawekwa vihisi vikavu vya umeme wa moyo, visivyohitaji gundi wala jeli kwenye ngozi iliyolowa. Kila kitu kikarekodiwa, pumzi kwa pumzi. Kutokana na vihisi hivyo kilikuja kifaa kidogo kinachobana kifua cha mtoto kwa umbo la herufi C na kuonyesha mapigo ya moyo ndani ya sekunde chache. Kinaitwa NeoBeat. Fikiria maana yake kwa yule mtoto aliyelegea tuliyemtaja juu: namba inawaka, moyo unapiga, hakuna mtu tena wa kuandika neno mfu kwa haraka.

Si kila jaribio lilijibu ndiyo. Wataalamu walikuwa na sababu nzuri za kuamini kwamba valvu ya kubakiza shinikizo kidogo mapafuni baada ya kila pumzi ingewasaidia watoto wasiopumua. Wakaiongeza kwenye mfuko ule wa wima, wakaijaribu Haydom, na mwaka 2020 Kari Holte na wenzake wakachapisha jibu: mapigo ya moyo hayakupanda haraka zaidi kwa waliokuwa na valvu kuliko kwa wasiokuwa nayo. Kwa upande wa mimba, Paschal Mdoe na wenzake walilinganisha kipimo cha mkononi cha mawimbi ya sauti na ile fetoskopu ya zamani, bomba ambalo mkunga huliweka tumboni pa mama na kutega sikio asikie moyo wa mtoto, ambalo umbo lake linatokana na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Mtu angebashiri kwamba cha kisasa kitashinda kwa mbali. Kilipotumiwa kwa kusikiliza mara kwa mara tu, hakikubadilisha matokeo ya uzazi kwa namna ya kutegemewa.

Majibu ya hapana yamenifanya niyaamini zaidi majibu ya ndiyo. Nchi yetu imepokea vifaa vingi vya misaada ambavyo havikuwahi kuulizwa swali lolote. Vinashushwa, vinakabidhiwa kwa picha, na baada ya mwaka viko stoo kwa kukosa betri au kipande kimoja cha plastiki. Aliyevileta alikwisha kuondoka akiamini vinafanya kazi. Haydom kifaa kilipewa nafasi ya kushindwa mchana kweupe, na wakati mwingine kilishindwa kulipita bomba la kusikilizia lenye umri wa zaidi ya miaka mia.

Jaribio kubwa lilikuja baadaye. Vipande vilivyonusurika vilikusanywa kuwa kifurushi kimoja: mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, midoli iliyoboreshwa, vifaa vya kupima mapigo ya mtoto tumboni na baada ya kuzaliwa, mfuko wa wima, mazoezi ya kudhibiti damu inayomtoka mama, na utaratibu wa kila kituo kuangalia takwimu zake chenyewe na kuamua kifanye mazoezi ya nini. Kwa kushirikiana na Wizara ya Afya na TAMISEMI, kifurushi hicho kilipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Benjamin Kamala wa Haydom na wenzake walitoa matokeo mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England, yakihusu akina mama wapatao 300,000. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75.

Hakuna wa kudai kwamba mfuko wa mpira ulifanya yote hayo. Katika vituo 30 mambo mengi hubadilika kwa wakati mmoja, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kuitenga sifa ya kila kipande. Ninachokiona mimi ni kwamba kilichosafiri kutoka Haydom hadi Geita hakikuwa kifaa peke yake. Ni mwenendo mzima: pima, fanya mazoezi, angalia tena, badilisha.

Swali lililobaki linahusu vituo vidogo. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ina msimamizi, ina umeme kwa sehemu kubwa ya siku, ina mtu wa kuhesabu. Zahanati ya kijiji huko Hanang au Mbulu inaweza kuwa na muuguzi mmoja anayechanja, anayetibu malaria na anayezalisha, na uzazi ukawa mmoja au miwili kwa wiki. Mtoto asiyepumua atamkuta mara chache kwa mwaka, na hapo ndipo mkono husahau. Kwake yeye mdoli una thamani kubwa kuliko kwa mkunga wa Haydom, kwa kuwa hana watoto wengi wa kumkumbusha. Kinyago huchakaa kwa kuchemshwa, valvu hukakamaa, mdoli hutoboka na kuvuja maji. Vipuri hivyo ni vidogo kiasi kwamba hupotea katika orodha ya manunuzi ya halmashauri, chini ya dawa, mafuta ya gari la wagonjwa na ukarabati wa majengo. Ningependa madiwani wa wilaya hizi mbili, bajeti inapoletwa mbele yao, waulize kwa jina: kila zahanati inayozalisha ina mifuko mingapi inayofanya kazi, vinyago vya saizi zote vipo, na mara ya mwisho muuguzi wake kubinya mdoli ilikuwa lini?